Tupeane uzoefu: kilichokubeba kazini ni mapenzi ya kazi au jina la chuo?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mdogo wangu kapata nafasi mbili za masomo kwa mpigo. Ya kwanza ni chuo chenye jina kubwa, kozi ya uchumi, ambayo hana hamu nayo hata kidogo. Ya pili ni chuo ambacho ukikitaja watu wanauliza kiko wapi, lakini kozi ni utengenezaji wa katuni, kitu anachokesha nacho bila kulipwa tangu utotoni. Nyumbani kumegawanyika, na mimi kama mkubwa natakiwa niseme neno. Naombeni uzoefu: chuo chako kilikuwa na hadhi gani (jina si lazima), unafanya kazi gani, na nini hasa kilikubeba.

Ombi moja tu, tusijibizane kwa mfano wa Bill Gates kuacha chuo. Ni kweli aliondoka Harvard mwaka 1975, ila huwezi kuondoka Harvard kabla hawajakupokea. Tena alianza kushika kompyuta mwaka 1968, akiwa bado mvulana wa sekondari, wakati shule nyingi hazikuwa na kitu hicho. Mapenzi alikuwa nayo na jina alikuwa nalo. Nataka kuwasikia waliokuwa na kimoja.

Mhasibu

Mimi nilikuwa na jina. Nilisoma chuo ambacho mwajiri akikiona kwenye wasifu anauweka pembeni ili ausome vizuri. Niliitwa kwenye usaili mara nyingi kuliko wenzangu waliokuwa na alama nzuri kunizidi. Mwaka 1973 mchumi Michael Spence aliandika juu ya jambo hili hili: mwajiri haoni uwezo wako moja kwa moja, kwa hiyo anaangalia cheti kama ishara, maana kukipata kunamgharimu zaidi asiye na uwezo. Kazi hiyo ilimfikisha kwenye Nobel ya uchumi mwaka 2001.

Lakini ishara hiyo inachuja. Nilipobadilisha kazi mara ya pili waliniuliza nimefunga hesabu za aina gani na nani anaweza kunisemea. Chuo hakuna aliyekigusa.

Na mapenzi? Sikuyaanza nayo. Yalikuja nilipoanza kuiweza kazi, nilipokuwa naangalia kitabu cha hesabu na kuona pale penye tatizo kabla mtu hajaniambia. Mleta mada, mwambie mdogo wako kwamba kutoipenda kozi leo si lazima kuwe kutoipenda kazi ya kesho.

Mtengeneza programu

Mimi sina shahada, na sitamdanganya mtu kwamba ilikuwa rahisi. Nilijifunza mwenyewe kwa sababu nilikuwa siwezi kuacha. Maombi yangu mengi yalikatwa kwenye mchujo wa kwanza, ule unaofanywa na mashine, kabla binadamu hajayaona. Kilichonitoa ni kwamba kazi yangu ilikuwa hadharani. Nilikuwa narekebisha programu za wazi, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuona na kurekebisha zilivyoandikwa, na ambazo watu wengi wanazitumia, na mmoja wa waliozisimamia ndiye aliyenipeleka kwa mwajiri wake. Usaili wangu ulikuwa ni mazungumzo kuhusu kitu nilichokwisha kukitengeneza.

Kwa hiyo swali langu kwa mdogo wako ni hili: kwenye katuni zake, kuna kitu mtu asiyemfahamu anaweza kukitazama leo? Kama kipo, chuo kisicho na jina hakitamzuia. Kama mapenzi yote yako kichwani, hapo jina atalihitaji sana.

Niongeze upande mchungu. Ilipofika zamu ya kupanda cheo na kuongoza wengine, nafasi ilitaka shahada. Ujuzi wangu haukuhojiwa, ila kanuni ilikuwa kanuni. Ninasoma jioni sasa.

Muuguzi

Mnaongea kana kwamba kila kazi ina uhuru huo. Kwetu hapana. Bila cheti kinachotambulika na leseni humgusi mgonjwa, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Udaktari, urubani na uwakili ni vivyo hivyo. Ila angalieni: leseni haiulizi chuo chako kina sifa gani. Mtihani ukishaufaulu, aliyetoka chuo kikubwa na aliyetoka chuo kidogo wanapangwa zamu moja.

Nilichokuja kusema hasa ni kingine. Mapenzi ya kazi yanaweza kukuumiza. Mimi naipenda kazi hii kwa moyo wangu wote, na msimamizi alilijua hilo. Zamu ya ziada ikikosa mtu, anaitwa yule anayependa kazi. Likizo ikihitaji kusogezwa, inasogezwa yake. Na ongezeko la mshahara likija, mtu anasema huyu hataondoka, wito umemshika. Wanasaikolojia, Robert Vallerand akiwa mbele yao, wametofautisha mapenzi yanayokaa vizuri na maisha yako yote na mapenzi yanayokutawala mpaka huwezi kuweka kazi chini. Mimi nilikuwa kwenye yale ya pili na mwili ulinilipisha. Siku hizi napenda kazi na nakataa zamu.

Mwalimu wa fizikia

Wanafunzi wangu hunitajia Michael Faraday, mwanafunzi wa fundi jalada la vitabu, hakukanyaga chuo kikuu, akagundua jinsi sumaku inavyozaa umeme mwaka 1831. Sawa. Ila mwaka 1813 aliajiriwa na Humphry Davy, mwanakemia mwenye jina kubwa, kwenye taasisi ya sayansi ya Royal Institution, London, baada ya kumpelekea maelezo aliyoyaandika akisikiliza mihadhara yake. Ramanujan, mwanahisabati wa India, naye alikuwa amepoteza ufadhili wa chuo kwa kupuuza masomo yote isipokuwa hisabati. Barua yake ya mwaka 1913 kwa Hardy, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ndiyo iliyomtoa. Wote wawili walikuwa na mapenzi ya ajabu, na wote wawili ilibidi mtu mwenye jina awafungulie.

Mimi mwenyewe nilitoka chuo kidogo, na kuna mkufunzi mmoja pale aliyeniandikia barua nilipotaka kuendelea. Bila yeye nisingekuwa darasani leo.

Wa kwanza kusoma kwetu

Kwetu hakuna aliyewahi kufanya kazi ya ofisini. Sikuwa na wa kumpigia simu. Jina la chuo ndilo lililokuwa mjomba wangu mjini. Kuna utafiti wa Stacy Dale na Alan Krueger, wa mwaka 2002, uliofanywa Marekani: walipolinganisha wanafunzi waliokuwa wamekubaliwa na vyuo vya hadhi sawa, kusoma kwenye kile kigumu zaidi kuingia hakukuongeza kipato kwa wengi wao. Waliofaidika waziwazi ni waliotoka familia za kipato cha chini. Nilipousoma niliona maisha yangu mle ndani. Kwa hiyo ushauri wa "fuata moyo wako" upimwe kwa watu alionao mtu nyuma yake.

Mpiga picha

Fupi tu: nilifuata moyo, nikaajiriwa kupiga picha za bidhaa, na kwa muda mrefu sikushika kamera siku ya mapumziko. Amfikirie pia mteja anayetaka katuni isiyompendeza yeye.

Mleta mada

Nimewasoma wote, asanteni sana wakuu. Nimemwonyesha mdogo wangu na alikaa muda mrefu kwenye swali la mtengeneza programu. Anazo katuni mbili zilizokamilika, hajawahi kumwonyesha mtu nje ya nyumba, ataziweka wazi wiki hii. Na tunawaandikia wale wa chuo chenye jina kuuliza kama wanaruhusu kuhamia kozi ya sanaa baada ya mwaka wa kwanza. Aliyewahi kuhama kozi ndani ya chuo hicho hicho atuambie: ulipoteza mwaka au walikuhesabia masomo uliyokwisha kuyafanya?