Chupa ya chai inapasuka ndani nikimimina tu maji ya moto, tatizo liko wapi?

kitasa_kibovu

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wanaojua haya mambo ya themosi za kioo maana hii ya sasa nayo imenipasukia. Namimina maji yametoka tu jikoni yanachemka, haijafika hata nusu nikasikia "ta!" halafu kimya, nikadhani ni mfuniko umegonga mahali, kumbe nikiinua chupa nasikia vipande vinacheza ndani.

Kinachonichanganya ni kwamba ni chupa ileile, maji yaleyale, namimina vilevile kila asubuhi na siku zote ilikuwa haina neno. Haijaanguka, haijagongwa. Usiku naiosha naiacha wazi dirishani ikauke, asubuhi najaza, basi. Sasa kwa nini leo na sio jana? Ni vioo vya siku hizi vibovu au kuna namna ya kumimina ambayo mimi siijui? Mmoja kaniambia niwe naweka kijiko cha chuma ndani kabla ya kumimina, mwingine kasema nitangulize maji baridi kidogo. Nataka kununua kioo kingine cha ndani ila sitaki na chenyewe kiishie hukohuko.

popo_mchana

Nunua ya stili mkuu uachane na presha za asubuhi 😂

kitasa_kibovu

Hahaa ya stili ninayo, ile ya safari. Ya nyumbani nataka ya kioo, haishiki harufu ya kilichokaa jana na ukiisuuza inakuwa safi kweli. Nisaidieni hii ya kioo.

bi_nuru

Kaka pole. Hiyo ya dirishani ndiyo imekuponza, lakini sio peke yake, ngoja nieleze maana watu wengi wanaona maji ya moto ndiyo mbaya, wakati chupa imetengenezwa kwa ajili ya hayo hayo maji ya moto.

Themosi ni chupa mbili za kioo, moja ndani ya nyingine, na zimeungana sehemu moja tu, mdomoni. Katikati hewa imenyonywa yote, na zile pande zinazotazamana zimepakwa fedha ndiyo maana ukichungulia unaona inang'aa. Sasa ukimimina maji ya nyuzi 100 kwenye chupa iliyolala kwenye baridi usiku kucha, ya ndani inapata moto papo hapo na inataka kutanuka, ya nje haina habari, kwa sababu hakuna hewa ya kupeleka joto upande wa pili. Yaani kile kinachofanya chai yako ikae moto mpaka jioni ndicho hichohicho kinachofanya hizi kuta mbili zisipate joto kwa pamoja. Huko chini ya ndani haibanwi sana, inaning'inia tu, ikirefuka irefuke. Shida ni mdomoni, pale kioo cha moto na cha baridi ni kipande kimoja, huyu anataka kupanuka huyu hataki, pananyongwa hapo.

Sasa swali lako zuri, kwa nini leo. Kioo ukikikandamiza kinavumilia sana, ukikivuta hakina ujanja, na kikivutwa hakikatiki ovyo, kinaanzia kwenye mkwaruzo. Mkwaruzo wenyewe unaweza ukawa mdogo hata usiuone kwa macho, ulitokana na kijiko siku moja, au brashi ya waya. Kila asubuhi ukimwaga maji yanayochemka kwenye chupa ya baridi ule ufa unasogea kidogo, na maji nayo yanausaidia kusogea, hiyo imethibitishwa kabisa kwenye kioo. Siku unayosikia "ta" ni siku ufa umefika pale ambapo hauwezi tena kusimama. Kwa hiyo hujafanya kitu tofauti leo, umefanya kilekile kwenye chupa iliyokwisha choka.

Ninavyofanya mimi: maji ya vuguvugu kwanza, moto wa kuvumilika mkononi, yafike kama robo ya chupa. Nafunika bila kukaza, nailaza kidogo naizungusha taratibu ili maji yaguse kuta zote na MDOMO, hapo kwenye mdomo ndipo watu wanaparuka. Naiacha dakika mbili tatu, namwaga, na hapohapo namimina yanayochemka kabla haijapoa. Ya kwanza kidogo, yatulie kidogo, halafu ndiyo unajaza. Kama chumba kina baridi sana rudia ya vuguvugu mara ya pili, haina gharama.

mjumbe_wa_kona

Dada umeeleza vizuri ila hapo kwenye kijiko nakataa, kwetu mama anaweka kijiko miaka yote na hajapasua kitu. Chuma kinanyonya joto kabla halijafika kwenye kioo, hiyo ni sayansi pia.

bi_nuru

Mama anaweka kwenye glasi au kwenye themosi? Maana kwenye glasi ya kunywea hata mimi sikatai, kijiko kinachukua moto wa yale maji ya kwanza na pia maji yanatelezea kwenye kijiko badala ya kupiga kioo moja kwa moja, kinasaidia kiasi chake. Kwenye themosi kijiko kinasimama kwa ncha, chuma juu ya kioo chembamba, ukimimina kinatikisika kinagonga ukuta, ukikitoa kinakwaruza mdomo. Umepunguza moto kidogo leo ukatengeneza mkwaruzo wa kesho.

mjumbe_wa_kona

Glasi. Sawa nimenyamaza 😅

fundi_spea

Niongezee upande ambao huwa hausemwi, namna kioo kilivyokaa ndani ya ganda. Nabadilisha hivi vioo vya ndani kila siku na vingi vinavyoletwa "vimepasuka vyenyewe" ukifungua unakuta sababu iko chini.

Kioo ukikigeuza chini kina kichuchu kidogo, pale ndipo kiwandani walinyonyea hewa wakaziba kwa moto. Hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, kikivunjika kile hata kama kioo kimesimama kizima hewa imeingia na chupa imekufa. Ndiyo maana kuna raba au kikombe laini huko chini cha kukalia. Watu wakiosha ganda raba inapotea, wanarudisha bila raba, kioo kinakaa kwenye plastiki kavu. Ukimimina maji uzito unashuka wote kwenye ncha.

Kingine ni kukaza. Ganda likilegea kioo kinacheza, kila ukiiweka mezani kinagonga. Ukikaza mpaka mwisho umekibana kutoka juu na chini, na nimetoka kusoma hapo juu kwamba kikipata moto kinataka kurefuka, sasa kitarefukia wapi? Kaza mpaka kisicheze ukitikisa kwa mkono, usiongeze. Fanya chupa ikiwa ya kawaida, sio ya moto wala sio imetoka kwenye baridi. Na ile raba ya mdomoni ikigeuka ngumu badilisha, imebaki kuwa kama jiwe tu.

Ukinunua kioo kipya kishike kwenye mwanga uchungulie ndani. Vidoti vichache unavyoviona katikati ya kuta mara nyingi ni vishikizo vya kiwandani, sio kasoro. Kasoro ni mstari mwembamba unaometa ukikizungusha, hasa karibu na shingo. Ukiona huo kirudishe palepale dukani.

kitasa_kibovu

Aisee raba ya chini sina kabisa, sijawahi hata kujua kama ilitakiwa kuwepo. Na ganda nalikazaga kwa nguvu zote ili lisivuje. Vipi kuhusu lile wazo la maji baridi kwanza? Na ukungu mweupe unaoganda chini nautoaje, maana nilikuwa naingiza mchanga kidogo na sabuni natikisa.

fundi_spea

Mchanga!! Basi tumemaliza kesi 😂

bi_nuru

Mchanga unakwaruza kioo kaka, hapo huna haja ya kutafuta mchawi. Brashi yenye waya nayo weka kundi hilohilo. Ule weupe ni chokaa ya kwenye maji, inayeyuka kwa kitu chenye uchachu, tia siki kidogo na maji ya vuguvugu, iache nusu saa, zungusha, suuza vizuri. Ukiona bado rudia, usikwangue. Madoa ya chai magadi ya kuokea yanatoa, vijiko viwili na maji ya moto (chupa ukiwa umeshaipasha), iache bila kufunga. Brashi iwe ya sponji au nywele laini na ncha yake isiwe chuma.

Maji baridi kwanza: yanasaidia kitako tu, kuta za juu bado baridi, na kinywaji chako kimeshapoa kabla hakijafungwa. Lakini hatari kubwa ni kinyume chake, chupa imetoka kumwagwa chai ya moto halafu mtu anaisuuza na maji ya bomba. Hiyo ni mbaya kuliko moto kwenye baridi, kwa sababu uso wa kioo unasinyaa ghafla, unavutwa, na mikwaruzo yote ipo hapohapo juu ya uso. Iache ipoe wazi kwanza.

darubini

Nongwa ndogo tu ya historia, chupa hii mwanasayansi James Dewar aliitengeneza 1892 kwa ajili ya gesi zilizogeuzwa kuwa maji maji, vitu vya baridi kali chini ya sifuri, chai ilikuja baadaye Wajerumani walipoifanya ya kuuza 1904. Na mpaka leo maabara wanaanza kwa kumimina kidogo chupa izoee ndipo wanajaza, sawasawa na dada alivyosema isipokuwa wao wanazoesha baridi.

Kuhusu vioo vibovu vya siku hizi, kioo cha kawaida kinatanuka karibu mara tatu ya kile cha borosiliketi wanachotumia maabara, kwa hiyo ukikuta kioo cha ndani kimeandikwa borosiliketi kweli kinavumilia zaidi. Mkwaruzo hakisamehe hata hivyo.

Na usimimine uso ukiwa juu ya mdomo wa chupa. Hewa ya nje inakandamiza karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba na katikati hamna kitu, kioo kikiachia vipande vinaruka na maji ya moto juu yake.

kitasa_kibovu

Nashukuru sana wakuu. La mwisho, nikishaweka kioo kipya nitajuaje kama hewa imeingia katikati ya kuta au bado, bila kusubiri mpaka jioni?

fundi_spea

Kabla hujakiingiza kwenye ganda, kipashe kama ulivyoelekezwa, tia maji ya moto usijaze, acha vidole viwili chini ya shingo. Ngoja dakika tano halafu shika ukuta wa nje kwa kiganja, katikati ya tumbo. Ukiwa baridi ni kizima. Ukisikia joto hewa imeingia, usikifunge. Shingoni patakuwa na joto kidogo hiyo ni kawaida usikirudishe dukani kwa hilo.

Na maji yaliyokuwa kwenye ile iliyopasuka usichuje ukanywa, mwaga yote.