Uwezo wa kuchanganua mambo: uandike kwenye CV, kwenye barua, au ubebe jedwali?

OmenaKavu (Kisumu): Habari za jioni wakuu. Kuna nafasi ya karani wa takwimu huko Nakuru, wanataka mtu mwenye "uwezo wa kuchanganua". Mimi ni mtu wa stoo, agroveti hapa Kondele, mwaka wa tatu sasa. Niandike kwenye CV kuwa uwezo huo ninao, nieleze kisa kwenye barua ya maombi, au niambatanishe jedwali la Excel la kazini?

MamaPendo_Nakuru: CV peke yake sahau. Nimeshakaa kwenye jopo la mahojiano, na hayo maneno kila mtu anayo, yamechuja. Tukiuliza "ulichanganua nini?" wengi humeza mate.

Ticha_Kakamega: Mimi nasema jedwali. Waone pivot ya kujumlisha data, waone VLOOKUP ya kutafuta data kwenye jedwali. Barua nani husoma siku hizi?

MamaPendo_Nakuru: Twasoma, Ticha, mradi isizidi ukurasa mmoja. Lakini ukiniletea mistari mia nane bila kusema ulikuwa ukitafuta nini, nitaona bidii tu.

KalamuNaKikokotoo: Halafu achunge. Hilo jedwali lina majina na simu za wateja? Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Na mwajiri mpya atajiuliza: huyu ya kwangu atampelekea nani? Afadhali utengeneze jipya. Matokeo ya sensa ya 2019 yako bure kwenye tovuti ya KNBS, shirika la takwimu la taifa. Chukua kaunti za Nyanza, linganisha jambo moja, chora grafu moja. Basi.

OmenaKavu (Kisumu): Lo, la simu sikuwa nimeliwaza. Zimo zote.
Kisa ninacho. Kila Jumatatu tukihesabu, magunia ya chakula cha ng'ombe yanapungua. Bosi akawa ameshamshuku mlinzi. Nikaketi na vitabu vya wiki tisa, nikapanga upungufu siku kwa siku. Kumbe Jumapili, siku ya soko kubwa pale Kibuye, magunia yanayobebwa na boda yanaandikwa kwenye kile kidaftari cha kaunta chenye jalada lililochanika, na hayahamishiwi kitabu kikubwa hadi Jumatano! Tukaacha kutumia kidaftari, magunia nayo yakaacha "kupotea".

MamaPendo_Nakuru: Ndugu yangu, na hiki ulikuwa umekificha wapi? Barua ndiyo hiyo. Sema tatizo, nani alishukiwa, ulipima nini, nini kikabadilika. Mlinzi usimwache nje, maana hesabu ndiyo iliyomwokoa.

Ticha_Kakamega: Haya, nimeshindwa nusu. Lakini Excel afanye mazoezi. Kuna wanaokuketisha mbele ya kompyuta na jedwali lililovurugika, tarehe nyingine zimeandikwa kwa maneno, wanakupa nusu saa. Hapo kisa cha magunia hakitakusaidia.

OmenaKavu (Kisumu): Nimesikia, Ticha. Naandika barua usiku huu. Mlinzi mwenyewe yuko zamu, nitampa aisome kwanza.