Mrejesho: RAV4 ya 1998, moshi umeisha

Bandugu wa Goma, munakumbuka niliuliza juu ya gari yangu RAV4, ile mwenye wa kwanza alitoa katalizeri (kile kinasafisha moshi kwenye bomba) na kuziba EGR (valvu ya kurudisha moshi kidogo ndani ya motere), ikawa na moshi mweusi na inakunywa esanse vibaya? Mulisema kweli: tundu lilikuwa kwenye bomba la eshapema, lile la kutoa moshi, mbele kidogo ya kufika kwenye sonda ya oksijeni (ile inapima oksijeni ndani ya moshi), hewa inaingia pale, sonda inazania esanse ni kidogo, kompyuta ya gari inaongeza esanse tu, kumbe motere yenyewe nzima! Tumechomelea, sonda mupya, EGR tukafungua na kutoa masizi, na ile kugongagonga kwa motere kwenye mupando imeisha. Katalizeri bado natafuta, bomba tupu mahali pake sitaki tena, watoto walivuta ile harufu ya kutosha. Asanti sana.