MJADALA: Semista moja Ulaya halafu urudie mwaka nyumbani, hii ni sawa kweli?

Mleta mada

Wakuu salaam. Naomba tulijadili hili bila matusi, manake linanigusa sana na najua humu kuna wazazi, walimu wa vyuo na wanafunzi wenyewe.

Mtoto wa dada yangu yuko mwaka wa pili chuo kikuu hapa Dar, kapata nafasi ya kwenda Ujerumani semista moja kama mwanafunzi wa kubadilishana, kuanzia Aprili. Kachaguliwa kwa haki kabisa, ufaulu wake mzuri na usaili kafanya kwa intaneti mbele ya watu wa kule. Nyumba nzima ina furaha, mama yake keshaanza kuulizia makoti mitumba ya Karume. Mimi peke yangu ndo nimesema subirini kwanza, na sa hivi ndani ya familia naonekana nina kijicho.

Msimamo wangu ni huu: mwanafunzi asipande ndege mpaka idara yake ya nyumbani iwe imeandika na kusaini ni masomo yapi hatayarudia akirejea. Sio kuahidiwa kwa mdomo, sio "nenda tu tutaona ukirudi". Karatasi yenye saini.

Kwa nini nasema hivi? Nilikwenda mimi mwenyewe Januari 2018, Uswidi, mji mdogo wa kusini, kwa pesa za Erasmus+, ule mpango wa Umoja wa Ulaya ulioanza 1987 wao kwa wao na 2015 ukafungua mlango kwa vyuo vya kwetu pia. Na niseme kabisa, nilichokipata kule sijakipata popote tena. Wiki ya kwanza darasani tulikuwa watu 14, profesa mzima anaitwa kwa jina lake la kwanza, akaniuliza wewe unaonaje kuhusu hii makala. Nikaanza kumweleza mwandishi kasema hivi na hivi, akanisikiliza vizuri halafu akasema hayo wote tumeyasoma, mimi nakuuliza wewe unaonaje. Nikakaa kimya mpaka masikio yakapata moto. Nilikuwa na GPA ya kujivunia lakini swali hilo sikuwahi kuulizwa, nilikotoka tulikuwa zaidi ya mia tatu ukumbi mmoja na wengine wanaandikia dirishani. Ilinichukua mpaka mwezi wa tatu kuweza kufungua mdomo kwenye semina bila kutetemeka, na kazi ninayofanya leo naifanya kwa sababu ya swali lile.

Shida nyingine zilikuwepo lakini ndogo. Saa kumi jioni giza. Kwa vile nakaa chini ya mwaka sikupewa ile namba ya utambulisho ya Waswidi, na bila hiyo namba kufungua akaunti ya benki ni kazi, kwahiyo natembea na noti mfukoni kwenye nchi ambayo hata basi la mjini halipokei noti. Ulipita muda, nikazoea.

Sasa njooni kwenye karatasi. Kabla ya kwenda kuna mkataba wa masomo unaosainiwa na watu watatu, mwanafunzi, chuo chake na chuo kinachompokea. Una Jedwali A na Jedwali B. Jedwali A unaandika kozi utakazosoma ugenini. Jedwali B unaandika masomo ya nyumbani ambayo kozi zile zitayafidia. Jedwali A langu lilijaa vizuri, kozi nne, kila moja krediti 7.5, jumla 30, ndo semista nzima ya kule. Jedwali B niliambiwa andika tu "masomo ya hiari", tutarekebisha ukirudi. Nikasaini. Nilikuwa na miaka 21 na viza iko mkononi, ningekataa vipi?

Narudi Juni na transkripti yangu, kozi zote nne nimefaulu. Mkuu wa idara (chuo sitaji) anapekua prospektasi, kile kitabu cha masomo ya chuo, anasema hili somo la uhamiaji kwetu halipo, hili la mbinu za utafiti wa mahojiano kwetu linaitwa vingine na lina saa nyingi zaidi. Zote nne zikakataliwa. Na hapo semista ya kwanza ya nyumbani sikuimaliza, manake kule vipindi vinaanza katikati ya Januari na huku mitihani ni Februari, kwahiyo Septemba nikakaa mitihani maalumu chumba kimoja na wenye sapu, wale waliofeli wanaorudia mtihani. Masomo ya semista ya pili yanafundishwa mara moja kwa mwaka, ikabidi niyasubiri. Wenzangu wakavaa majoho 2019, mimi 2020. Mkopo ulikuwa wa miaka mitatu, ada ya mwaka wa nne mama kailipa kwa zamu yake ya upatu. Na aliniuliza mara moja tu, jikoni, anachambua mchicha, hakuniangalia: "Kwani huko ulifeli?"

Nilimwambia sikufeli. Nikajaribu kumweleza Jedwali B, sijui kama alielewa. Nawasilisha.

Mzee wa Kigamboni

Mleta mada pole sana, lakini mimi naona unazunguka. Hizi semista ni matembezi tu kwa jina la elimu. Kijana analipwa kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi, mwalimu wa sekondari hapa anayefundisha vipindi ishirini kwa wiki hazioni. Anakwenda, anapiga picha kwenye theluji, anarudi kadharau kwao, na wengine hawarudi kabisa. Hela hizo wangetununulia vifaa vya maabara, wakasoma mia tano badala ya mmoja.

Mleta mada

Shikamoo mzee. Hela zile hatukupewa sisi tuzigawe, chuo cha Ulaya ndo kinachoomba kwa ajili ya mwanafunzi huyo na semista hiyo, wasipomchukua wa Dar watamchukua wa nchi nyingine. Maabara tuidai kwa serikali yetu na tuidai kwa nguvu, hapo tuko pamoja. Na wa kutorudi, kibali chake kina tarehe, tena shahada yake iko nyumbani. Mwanafunzi wa semista ana sababu ya kurudi kuliko anayekwenda kuanza digrii nzima. Ila ukimrudisha halafu ukamwambia yote uliyosoma ni bure, hapo ndo unamfundisha kwamba kurudi ni hasara, na mwakani akipata upenyo mwingine haulizi mtu.

Komredi wa Juja

Niko hapa Kenya na hii stori naijua, hata huku kwetu iko. Lakini mbona kila mtu akisema kubadilishana anafikiria Ulaya pekee? Kutoka Nairobi mpaka Dar ni basi moja. Kati ya 1963 na 1970 tulikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kimoja, matawi matatu, Makerere, Nairobi na Dar. Ukitaka sheria unaenda Dar, uinjinia unakuja Nairobi, udaktari unaenda Makerere, na hakuna mtu alikuwa anakuuliza krediti zako zinatoka wapi. Museveni alimaliza Dar 1970. Willy Mutunga, Jaji Mkuu wetu wa zamani, sheria aliisomea hapo Dar. Hao watu walijuana wakiwa vijana, na hiyo kujuana haiwezi kununuliwa. Mwaka wa 2017 marais wetu walitangaza Jumuiya ya Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu, baraza la vyuo lenyewe liko Kampala. Sasa niambie ni wanafunzi wangapi unawajua wametoka Dar wakakaa semista moja Makerere? Mimi simjui hata mmoja.

Mleta mada

Komredi umenigusa pabaya, manake hata mimi simjui. Hoja yako naiunga mkono mia kwa mia, na ningependa binti yetu angekuwa na uwezo wa kuchagua kati ya Ujerumani na Kampala. Lakini Jedwali B litamng'ata hata Kampala. Zamani iliwezekana kwa sababu chuo kilikuwa kimoja na digrii ni moja. Leo kila chuo kina prospektasi yake, na mkuu wa idara asiyetaka kutambua kozi ya Uswidi sioni kwa nini ataitambua ya Makerere. Tangazo la marais ni zuri ila halikai mezani kwake pale mwanafunzi anapoingia na transkripti.

Mhadhiri wa kona

Nafundisha chuo kimojawapo hapa nchini, naomba wakuu wa idara nao wapate mtetezi. Mnadhani ni roho mbaya, mara nyingi ni hofu. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inahesabu krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, mwaka mzima krediti 120. Ulaya krediti moja ni saa 25 mpaka 30, mwaka mzima 60. Sasa mleta mada kaja na 30 zake. Ukilinganisha mwaka kwa mwaka ni 60 za kwetu, semista kamili. Ukilinganisha saa kwa saa ni 75 mpaka 90. Kama idara haina maandishi yanayosema nitumie hesabu ipi, nikisaini leo kesho mkaguzi akaniuliza nitajibu nini? Na kazi hiyo silipwi, naifanya usiku nikimaliza kusahihisha.

Halafu tuambizane ukweli, baadhi ya wanafunzi wanakwenda kuchagua kozi za lugha ya wanaoanza na utamaduni wa wenyeji, wanarudi wananiambia niziandike kama takwimu. Siandiki.

Mleta mada

Mwalimu nashukuru, na kwenye kozi zangu nne moja ilikuwa ya namna hiyo kweli, sikustahili kufidiwa somo lolote la lazima kwa ile. Tatu zilistahili. Lakini angalia, yote uliyoyataja yanajulikana kabla mtu hajaondoka. Majina ya kozi yako kwenye tovuti ya chuo cha kule na mihtasari yake imeandikwa wiki kwa wiki. Hesabu ya krediti idara ingeweza kukaa siku moja ikaamua, 30 zao ni 60 zetu, ikapitishwa kwenye kikao, ikaisha. Usiku wako unaoutumia mwanafunzi akirudi ungeutumia kabla hajaenda, ni usiku ule ule.

Tena kule koridoni kwetu nilikaa na binti Mjerumani, naye wa kubadilishana kama mimi. Siku moja tunapika, yeye makaroni, mimi nasonga ugali kwa unga wa mahindi wa Kiitaliano ulio njano kama kiini cha yai, nikamwomba nione karatasi yake. Jedwali B lake lilikuwa na namba ya kila somo la kwao, mstari kwa mstari. Alikuwa hana wasiwasi wowote. Hakunizidi akili yule, alitoka mahali ambapo mtu alishakaa chini akamwandikia.

Binti wa Mabibo

Kaka samahani ntakupinga. Mwaka jana nilipata nafasi kama hiyo ya Uholanzi, nikaambiwa maneno kama haya ya kwako, hakikisha kwanza, hakikisha kwanza. Nikawa naenda idarani kila siku, leo mkuu yuko safari, kesho kuna kikao, fomu ikarudishwa kwa kukosa mhuri. Viza ya zaidi ya siku 90 nayo inataka wiki zake. Dirisha likafungwa. Sasa nimemaliza kwa wakati na wenzangu, nina GPA yangu, niko nyumbani natuma barua za kazi. Mwaka mmoja ni nini? Ningeupoteza kwa furaha. Wewe mwenyewe umesema hakuna ulipopata tena ulichokipata kule. Kwahiyo wewe ulikwenda, halafu unawaambia wengine wasubiri?

Mleta mada

Dada yangu nimeisoma mara tatu kabla ya kujibu.

Uko sahihi kwamba sijutii kwenda. Ningeulizwa leo, na Jedwali B tupu vile vile, ningekwenda tena, na hilo ndo linaniuma zaidi. Lakini ule mwaka sikuulipa mimi. Kaulipa mama, kwa upatu aliopanga kuezekea chumba cha nyuma, na chumba kile kikakaa na turubai masika mawili. Ukisema mwaka mmoja ni nini, kwa nyumba yenye uwezo ni kweli si kitu. Tukiacha hivi hivi nafasi hizi zitabaki za watoto ambao kwao mwaka si kitu, na wale ambao mkopo wao una mwisho watakuwa kama wewe, wanaogopa wanabaki, au kama mimi, wanakwenda wanalipiwa na mama.

Ulichonifungua macho ni kwamba nilikosea kuutupa mzigo kwa mwanafunzi. Kumwambia "subiri isainiwe" ni kumpa adhabu yeye kwa uzembe wa ofisi. Nabadilisha msimamo: chuo kisitangaze nafasi hata moja mpaka Jedwali B la idara husika liwe tayari limeambatanishwa na tangazo. Kama idara haijaandika, nafasi isitangazwe, waulizwe wao. Mwanafunzi akiomba anakuta kila kitu kimeshasainiwa, anashughulika na viza yake na koti lake.

Mhadhiri wa kona

Hiyo ya kuambatanisha na tangazo ninaipeleka kwenye kikao cha idara. Sikuahidi kitu, ila naipeleka.

Mama Zuhura

Mleta mada, na huyo mtoto wa dada yako anakwenda au haendi? Wengine tunasubiri hilo tu, na mimi wangu yuko mwaka wa kwanza.

Mleta mada

Shikamoo mama. Kuna unafuu, semista yao ya kiangazi Ujerumani kirasmi inaanza Aprili mosi na vipindi vinakwenda mpaka Julai, kwahiyo mitihani ya Februari huku ameshaifanya, lile lililonikuta mimi la Januari halimkuti. Leo asubuhi kaenda idarani, nimemsindikiza mpaka getini nikakaa kwenye kivuli, saa mbili na nusu mpaka saa saba. Kanitumia picha ya karatasi kwa simu akiwa bado ndani. Jedwali B lina mistari mitano. Mitatu imeandikwa namba za masomo ya hapa kwa kalamu ya bluu na pembeni kuna saini. Miwili bado, mkuu kataka aone mihtasari ya kozi hizo kwa Kiingereza, na ya kule iko kwa Kijerumani. Usiku huu tunaitafsiri, Alhamisi anarudi nayo.