Ni mazoea gani ya kila siku yanayolinda afya ya akili kwa mtu asiye na nafasi?

Mama wa duka, Ngamiani:
Asalaam alaykum, ndugu zangu. Nina duka la vifaa vya shule hapa Ngamiani, Tanga, na tangu mama yangu apatwe na kiharusi ninamuuguza nyumbani, hivyo siku yangu huanza kabla ya alfajiri na kwisha usiku wa manane. Siku hizi nakasirika upesi, na nikijilaza tu mawazo ya madeni na ya dawa yananijia upya. Nimesoma ushauri mwingi unaomtaka mtu atenge saa nzima ya kujipumzisha, lakini saa hiyo sina. Naomba mnieleze mambo madogo yanayoweza kuingia katika siku kama yangu na ambayo yana msingi wa kitabibu.

Muuguzi, Chumbageni:
Waalaykum salaam, dada yangu, na pole sana kwa kuuguza. Kwa kuwa huna nafasi, jambo dogo lifungamanishe na lile ambalo tayari hulikosi. Ukishaswali na kumgeuza mama kitandani, kaa uani jua linapochomoza, hata kama unachambua mchele, kwa sababu mwanga wa asubuhi ndio unaourekebishia mwili majira yake, na usiku usingizi huja kwa urahisi zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwenda dukani kwa baiskeli kunahesabiwa, na mji wetu tambarare unakurahisishia.

Kahawa iishie mchana, maana saa tano hivi baada ya kuinywa, takribani nusu ya kafeini yake bado imo mwilini. Ama madeni, yaandike kila jioni unapofunga hesabu, kila deni na hatua moja ya kesho, kisha daftari libaki dukani. Hili la daftari nalitilia mkazo kuliko yote, kwa kuwa jambo lililoandikwa halihitaji tena kukumbukwa kitandani.

Mzee wa Raskazone:
Mwanangu, muuguzi amesema vyema, ila kinachonitia hofu zaidi ni kwamba unauguza peke yako. Sisi wanaume jioni tuna baraza, kahawa na kashata, na mwenye dhiki hujulikana kabla hajasema. Mwanamke anayeuguza hukosa hata hilo. Nchini Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwafundisha kina bibi wa mitaani kuwasikiliza wenye dhiki, wakiketi nao kwenye benchi nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipungukiwa na dalili za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nakusihi umwombe jirani mmoja akae na mama alasiri, nawe umweleze hali yako bila kuificha. Kufanya hivyo si kumtupa mama.

Mama wa duka, Ngamiani:
Nashukuru sana, mzee wangu, nawe dada. Yupo ndugu yangu anayesema kwamba hali hii ni upungufu wa imani. Nitajuaje kwamba mazoea haya hayatoshi?

Muuguzi, Chumbageni:
Sala ina nafasi yake, lakini sonona humpata mcha Mungu kama malaria inavyompata. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, una huzuni au umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda, na usingizi au chakula navyo vimeharibika, nenda kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Fikra za kujidhuru zisisubiri hata siku moja: mwambie mtu papo hapo, akupeleke. Ukifika, taja mawazo na usingizi kwanza, kwa sababu wengi hueleza maumivu ya kichwa na mgongo peke yake, wakapewa dawa za maumivu na kurudi nyumbani na tatizo lilelile.