Oili ya shokapu za mbele kwa pikipiki ya safari ndefu: namba 10 au 15?

Mzee wa Njiro:
Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Nina Suzuki V-Strom 650 ya 2008, imeshatembea kilomita 61,000 na ushee. Oili ya shokapu za mbele sijawahi kuibadilisha tangu niinunue mkononi mwa mtu. Siku hizi nikishika breki ya mbele pua inazama kama ng'ombe anayekunywa maji. Jumapili tulikuwa tunarudi kutoka Mto wa Mbu, mama watoto nyuma, maboksi yote matatu yamejaa. Kwenye tuta moja kabla ya Makuyuni shokapu zikagonga hadi mwisho, ko! Mama watoto akauliza kama tairi limepasuka.

Fundi wangu anasema atamwaga oili ya injini namba 40 "iwe ngumu, usahau". Mwingine anasema 15W. Kitabu cha pikipiki kinasema 10. Mwezi ujao tunakwenda Mbeya kupitia Dodoma na Iringa, wawili na mizigo. Nishike lipi?

Kifaru Mweusi:
Weka hiyo 40 mkuu, kisha ukifika Babati utuambie mikono iko wapi 😂

SpanaKumi_Moshi:
Mzee wa Njiro, oili ya injini hapana. Hiyo 40 ni nzito mara kadhaa kuliko inayotakiwa. Shokapu za hiyo pikipiki ni za aina rahisi: oili inasukumwa kupita kwenye vitundu vidogo. Ukienda polepole, oili nzito itakupa raha, pua haizami. Ukikutana na shimo kali, oili inashindwa kupita upesi, shokapu inakuwa kama nondo na pigo lote linapanda kwenye usukani. Halafu inachelewa kurudi, kwa hiyo kwenye rafu rodi kila wimbi linaikuta bado imejikunja.

Kuhusu 10 na 15, usizitegemee sana hizo namba. Hakuna kipimo kimoja kinachozibana kampuni zote, ndiyo maana 10W ya huyu inaweza kuwa nyepesi kuliko ya yule. Angalia karatasi ya maelezo ya oili, tafuta cSt (kipimo cha uzito wa oili) kwenye nyuzi 40. Hiyo ndiyo inayolinganishika. 10W nyingi ziko thelathini na kitu, nyingine zinapita 40. Kwako ningetafuta ya thelathini na kitu.

Mama Pikipiki:
Kaka, kabla ya namba: hiyo oili ina umri gani? Yangu nilipoifungua ilitoka ya kijivu, inanuka samaki aliyelala, chini ina unga wa chuma. Niliweka mpya ya namba ileile, nikadhani nimebadilisha shokapu nzima. Angalia pia sili, zile raba zinazozuia oili isivuje. Pitisha kidole juu ya bomba. Kukiwa na pete ya mafuta na vumbi, sili zimekwisha, na ukimwaga oili mpya bila kuzibadilisha umeimwagia barabara.

Mzee wa Njiro:
Dada, nimetoka kupitisha kidole sasa hivi. Kulia kukavu. Kushoto kuna uchafu mweusi, unanata.

Mama Pikipiki:
Basi sili mpya. Zote mbili, usibadilishe moja.

Kijana wa Usa River:
Nikikosa oili ya shokapu je? Kuna mtu aliniambia ATF, oili ya giaboksi ya otomatiki, inafaa.

SpanaKumi_Moshi:
Inafaa kwa dharura, wala si uchawi. ATF ya aina ya Dexron III iko kwenye thelathini na kitu cSt kwa nyuzi 40, na Honda za zamani vitabu vyake vilikuwa vinaitaja kabisa. Oili ya haidroliki iliyoandikwa VG 32 nayo ni 32 kwa kipimo hichohicho.

Mzee wa Njiro, kosa ninaloliona sana ni kumimina kwa chupa: "nusu lita huku, nusu lita kule". Oili ya zamani haiishi yote ndani, kwa hiyo pima kina. Springi nje, shokapu imesukumwa hadi chini, imesimama wima. Ipampu taratibu mpaka mapovu yaishe, iache dakika kumi, kisha pima kwa rula kutoka mdomo wa bomba hadi kwenye oili. Mimi natumia sirinji yenye mpira uliowekwa alama: namimina zaidi kidogo, nanyonya hadi inavuta hewa. Pande zote zilingane. Hewa inayobaki juu nayo ni springi. Ukipandisha oili milimita 10 juu ya kipimo cha kitabu, kule kugonga mwisho kunapungua.

Na uzito wa shemeji na maboksi ni kazi ya springi, si ya oili. Kaza kwanza zile skurubu za juu ya shokapu zinazobana springi, sawa kulia na kushoto.

Mzee wa Njiro:
Mrejesho. Leo tumefungua. Kulia oili ilikuwepo, nyeusi. Kushoto haikufika hata nusu ya ile ya kulia! Nimekuwa naendeshea shokapu moja. Sili mpya zimeingia, oili 10W yenye cSt 34, milimita 10 juu ya kitabu. Nimezunguka hadi Tengeru na kurudi, breki pua inainama kistaarabu. Jumamosi nampakia mama watoto na maboksi, twende Karatu tukaone.

Kifaru Mweusi:
Na yule fundi wa 40 umemwambia nini?

Mzee wa Njiro:
Ndiye aliyenishikia shokapu nikipima. Sirinji amebaki nayo.