Binti yangu ameacha nyama, samaki, mayai na maziwa: nimpikie nini hapa Lubumbashi?

Mama wa Katuba

Ndugu zangu, nawasalimu wote. Binti yangu, anayesoma chuo kikuu, ametueleza kwamba hatakula tena kitu chochote kinachotoka kwa mnyama: nyama, samaki, kapenta, mayai, maziwa, siagi, hata asali. Sababu yake ni huruma kwa wanyama, na aliieleza kwa heshima mbele ya baba yake bila kumlaumu mtu yeyote nyumbani. Sina nia ya kumlazimisha. Lakini mimi ndiye ninayepika, na nyumba yetu ni ya watu wengi wanaokula kutoka sufuria moja. Siku hizi mchana anakula bukari (ugali) na lengalenga (mchicha), jioni mkate na chai kavu, nami naona chakula hicho hakimtoshi msichana anayetoka alfajiri na kurudi giza limeingia.

Naomba wenye ujuzi mnieleze ni vyakula gani vya hapa kwetu vitakavyomshibisha na kumpa nguvu, bila kunituma kwenye maduka makubwa ya mjini kutafuta makopo yanayouzwa kwa dola. Tena mdogo wake, ambaye bado yuko shule ya msingi, ameanza kusema kwamba naye anataka kufuata njia ya dada yake. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mpishi wa Kamalondo

Mama, pole kwa wasiwasi. Mimi napika katika malewa, na wateja wanaoomba chakula kisicho na nyama wala samaki si wachache kama watu wanavyodhani, hasa wakati wa Kwaresima. Vyakula vyetu vingi ni vya mimea tangu mwanzo, na mnyama huingia mwishoni tu, pale tunapomwaga kapenta au kipande cha makayabu (samaki wa chumvi) ili mboga ipate ladha. Kwa hiyo usipike vyungu viwili. Pika sombe (majani ya muhogo) kama kawaida, uitwange vizuri na kuichemsha kwa muda mrefu bila kufunika sufuria, utie kitunguu, biringanya, pilipili na mafuta ya mawese, kisha umtolee binti sehemu yake kabla ya kutia kapenta. Katika sehemu hiyo weka karanga zilizotwangwa, na usizipime kwa kijiko kidogo, maana zinachukua nafasi ya samaki na si pambo. Matembele hupikwa vivyo hivyo. Ngai-ngai nayo hupatana sana na karanga kwa sababu ya uchachu wake, ila bilolo zinahitaji kuchemshwa na kumwagwa maji ya kwanza kwa mtu asiyezoea uchungu.

Maharagi ndiyo yatakayombeba, Mama, na katika maelezo yako sikuyaona kabisa. Yaloweke usiku, mwaga maji hayo, yachemshe mpaka yalainike, ndipo uyaunge kwa nyanya, kitunguu na kitunguu saumu. Apate sahani ya maharagi kila siku, au kunde, au njegere zinapokuwa bei nzuri katika soko la Kenya hapa mjini. Soya pia inafaa, lakini inataka uangalifu: isiliwe mbichi. Ichemshe au ikaange kwanza, kisha isage, na unga wake utie kwenye uji wa mahindi wa asubuhi pamoja na karanga. Mwanafunzi aliyekunywa bakuli la uji wa namna hiyo, akafunga viazi vitamu na avoka kwa ajili ya mchana, hatarudi nyumbani akiwa dhaifu.

Kuhusu ladha, wakati wa mvua nunua uyoga kwa akina mama wanaoujua, wala usimruhusu mtu auokote porini kwa kubahatisha. Uyoga mkavu ukisagwa na kutiwa kwenye mchuzi huleta utamu mzito ambao watu huutafuta kwenye kapenta, na kwa maoni yangu unaushinda. Chikanda nayo haina mnyama ndani yake, kwa kuwa ni viazi vya okidi za porini vilivyosagwa na kupikwa na unga wa karanga, pilipili na magadi. Mimi hushauri iliwe mara chache tu, kwa sababu kila kiazi kinachochimbwa ni mmea mzima uliokufa, na wachimbaji sasa wanalazimika kwenda mbali zaidi kuvitafuta.

Halafu soma maandishi ya vile vidonge vya kutia ladha kwenye mchuzi, kwa sababu baadhi vina mafuta ya kuku ndani yake. Muulize pia muuza vitumbua kama anatia mayai au maziwa.

Mjomba wa Likasi

Mbona hakuna aliyetaja vinkubala? Viwavi vikikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wao huwa ni protini, vinapatikana kwetu, na havichinjwi kama mbuzi. Nadhani binti angeweza kuvikubali.

Mpishi wa Kamalondo

Mjomba, ni kweli kwamba vinkubala ni chakula bora, nami navipika. Lakini kiwavi ni mnyama, na binti ameacha hata asali kwa sababu ya nyuki. Tukimtilia kwa siri au kwa hoja, atapoteza imani na chakula cha nyumbani na atarudi kwenye mkate na chai.

Msabato wa Rwashi

Sisi nyumbani hatuli nyama kwa miaka mingi kwa sababu ya mafundisho ya kanisa letu, ila tunakunywa maziwa na kula mayai, kama walivyo Waadventista wengi wasiokula nyama. Njia ya binti yako ni kali zaidi. Ilipata jina lake, *vegan*, Uingereza mwaka 1944, wakati Donald Watson na wenzake walipojitenga na wale walioacha nyama peke yake. Nalieleza hili ili, anapokwenda kwa daktari, aseme wazi kwamba hali pia mayai wala maziwa, kwa kuwa daktari akisikia tu kwamba hagusi nyama anaweza kudhani kuwa maziwa yanamtosha.

Muuguzi wa Kampemba

Mama, nimefurahi kwamba umeuliza mapema. Niliyosoma hapo juu kuhusu maharagi na karanga ni sahihi, nami naongeza sababu yake. Gramu 100 za unga wa muhogo hazifikishi hata gramu 2 za protini, ilhali maharagi makavu ya uzito huo yana zaidi ya gramu 20, karanga takriban 25, na soya karibu 36. Mahindi yana upungufu wa sehemu fulani ya protini ambayo maharagi yanayo kwa wingi, na maharagi nayo hufidiwa na mahindi. Kwa hiyo bukari wa mahindi kwa maharagi ni mlo kamili kuliko watu wanavyoufikiria, nanyi mnaochanganya unga wa muhogo kwenye bukari punguzeni kiasi chake kwa mtu asiyekula samaki. Sisemi hivyo ili kuwatisha. Lakini nchi hii ina kumbukumbu ya konzo, ugonjwa uliopooza miguu ya watu wengi katika Kwango, hasa Kahemba, waliokula kwa muda mrefu mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha huku wakikosa protini, na miguu iliyopooza hivyo haiponi. Daktari Trolli aliueleza ugonjwa huo mwaka 1938. Muhogo ulioandaliwa vizuri na kuliwa pamoja na maharagi hauna hatari hiyo.

Madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharagi huingia mwilini kwa shida kuliko yale ya nyama, na msichana hupoteza damu kila mwezi. Akamulie limau kwenye mboga, au ale machungwa au mapera baada ya chakula. Chai aisogeze mbali na mlo, angalau kwa saa moja, kwa sababu chai huzuia chuma. Chumvi iwe ile yenye madini ya joto.

Jambo ambalo hakuna mboga itakayolitatua ni vitamini B12. Haimo katika sombe, wala maharagi, wala uyoga, wala soya, isipokuwa kiwanda kiwe kimeitia kwa makusudi. Mwili huwa na akiba yake kwenye ini, na akiba hiyo inaweza kudumu miaka kadhaa, ndiyo maana wengi hujiona wazima kisha huanza kupata uchovu, upungufu wa damu, ganzi ya miguu na usahaulifu, na madhara ya mishipa ya fahamu yakikaa sana huenda yasiondoke. Anahitaji dawa ya B12 tangu sasa, si siku atakapougua.

Mama wa Katuba

Mungu awabariki. Leo nimelisoma jibu la muuguzi pamoja na binti, naye amekubali dawa bila ubishi, kwa kuwa alikuwa amesikia habari zake. Tulikwenda famasi tukapewa vidonge vya vitamini B vya bei nafuu. Je, vinatosha? Na mdogo wake nifanye naye nini?

Muuguzi wa Kampemba

Geuzeni boksi mkasome. Vidonge vingi vya bei nafuu vinavyoitwa vitamini B vina B1, B2 na B6 peke yake. Litafuteni neno *cyanocobalamine*, ambalo ndilo jina la B12 kwenye dawa, na kama halipo, vidonge hivyo havimsaidii kwa jambo hili hata akimeza vyote. Mtu mzima anaweza kumeza mikrogramu 10 kila siku, au 2000 mara moja kwa wiki, kwa sababu dozi ikiwa kubwa mwili huchukua sehemu ndogo tu. Apimwe damu sasa, ili miezi ijayo muwe na kipimo cha kulinganisha. Asitumie asidi ya foliki peke yake akijiona amepungukiwa damu, kwa kuwa inaweza kuificha dalili ya damu huku mishipa ikiendelea kuharibika.

Mdogo wake, kwa maoni yangu, aendelee na yai na samaki kwa sasa. Mtoto anayekua ana tumbo dogo, na vyakula vya mimea hulijaza kabla hajapata nguvu ya kutosha. Watoto hulelewa kwa chakula cha mimea pekee mahali penye vyakula vilivyoongezwa vitamini na daktari anayewafuatilia. Hapa kwetu mambo hayo mawili ni adimu na ni ghali. Msikataze, ila ale uji wa soya na maharagi ya dada yake kama nyongeza, na mpimeni uzito na kimo katika kituo cha afya kabla ya kubadilisha lolote. Dada mwenyewe amweleze hivyo, maana yeye ndiye anayesikilizwa.